William Mulholland: mchimba mfereji aliyeomba kura za wakazi ili mji ukope

Mji unapokopa fedha za kujenga barabara, soko au mradi wa maji, deni hilo hulipwa na wakazi kwa miaka mingi. Hulipwa kupitia bili ya maji, kodi ya nyumba na ushuru wa sokoni. Ndiyo maana tumekuwa tukipokea swali hili kutoka kwa wasikilizaji wetu: je, mwananchi wa kawaida ana nafasi gani pale viongozi wanapoamua bajeti na mikopo?

Ili kulijibu, tunawasimulia maisha ya mtu mmoja. Anaitwa William Mulholland. Alizaliwa Ireland mwaka 1855 na kufariki mwaka 1935 huko Los Angeles, katika jimbo la California nchini Marekani. Hakuwa mwanasiasa wala hakugombea cheo. Alikuwa mhandisi wa maji. Lakini kazi zake kubwa zote zilihitaji fedha za kukopa, na kwa sheria ya California mji haukuweza kuchukua deni kubwa la aina hiyo bila kuwauliza wapiga kura. Kwa hiyo wakazi wa Los Angeles waliulizwa mara kadhaa, na mara kadhaa walikubali. Maisha yake yanaonyesha faida ya kuulizwa, na pia yanaonyesha hasara inayoweza kutokea watu wakishapiga kura na kurudi nyumbani bila kufuatilia.

Kijana aliyetoka baharini

Mulholland alizaliwa Belfast na kukulia Dublin. Baba yake alifanya kazi ya posta. Mama yake alifariki William akiwa bado mtoto mdogo. Akiwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi aliacha nyumbani akaenda kuwa baharia katika meli za biashara za Uingereza. Kwa miaka kama minne alivuka bahari ya Atlantiki mara nyingi, kisha mwaka 1874 akashuka New York na kuamua kubaki nchi kavu.

Alifanya kazi za kubahatisha. Alikuwa kwenye meli za Maziwa Makuu ya Marekani, akaenda kukata magogo Michigan, ambako aliumia mguu na nusura ukatwe. Baadaye alikaa kwa mjomba wake Pittsburgh, aliyekuwa na duka la nguo. Mwaka 1876 yeye na mdogo wake Hugh walisafiri kwenda magharibi. Njia yao ilipitia Panama. Kwa kuwa hawakuwa na nauli ya treni ya kuvuka nchi ile, walitembea kwa miguu kutoka pwani moja hadi nyingine, kama kilomita 75.

Walifika Los Angeles mwaka 1877. Ulikuwa mji mdogo wa watu wapatao 9,000, wenye bustani za matunda na mashamba ya mizabibu. Maji yote yalitoka katika mto mmoja, Mto Los Angeles, na kusambazwa kwa mifereji ambayo mingine ilianza tangu enzi za Wahispania. Mulholland alipata kibarua cha kuchimba visima. Mwaka 1878 akaajiriwa na kampuni binafsi iliyosambaza maji mjini. Kazi yake ilikuwa kusafisha mfereji: kuondoa magugu, matope na matawi ili maji yapite.

Hakuwa na shule ya uhandisi. Usiku alisoma vitabu vya hesabu na vya maji. Mchana alijifunza kila bomba na kila vali. Miaka minane baadaye, mwaka 1886, kampuni ilimfanya msimamizi wake mkuu.

Wakazi wanunua maji yao

Kampuni hiyo ilikuwa imekodishwa huduma ya maji na mji tangu mwaka 1868, kwa mkataba wa miaka 30. Mkataba ulipofika mwisho mwaka 1898, mji ulitaka huduma irudi mikononi mwa wananchi. Kampuni nayo ilitaka kulipwa kwa ajili ya mabomba, matangi na mitambo yake. Kulikuwa na mabishano marefu juu ya bei, na kesi zikaenda mahakamani.

Hatimaye walikubaliana bei ya takriban dola milioni 2. Mji haukuwa na fedha hizo sanduku­ni. Njia iliyobaki ilikuwa kuuza hatifungani, na ili kuuza hatifungani ilibidi wapiga kura waseme ndiyo.

Hapa tueleze neno hili kwa wale wanaolisikia kwa mara ya kwanza. Hatifungani ni karatasi ya deni. Mji unasema unataka kukopa, tuseme, dola milioni 2. Unaligawa deni hilo katika vipande vidogo na kuviuza kwa watu, benki na mifuko ya akiba. Anayenunua kipande anaupa mji fedha leo. Mji unamlipa riba kila mwaka, na muda ukiisha unamrudishia fedha yake yote. Muda huo unaweza kuwa miaka kumi, ishirini au hata arobaini. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mwaka wa kura anaweza kukua na kuanza kulipa deni ambalo wazazi wake walilikubali.

Kwa sababu hiyo katiba ya California ya mwaka 1879 iliweka sharti gumu. Mji ukitaka deni la namna hii, ni lazima theluthi mbili ya waliopiga kura wakubali. Nusu na mtu mmoja haitoshi.

Mwaka 1901 wakazi wa Los Angeles walipiga kura kuhusu ununuzi wa maji, na wengi sana wakakubali. Mwaka 1902 mji ukachukua huduma. Inasimuliwa kwamba maofisa wa mji walipoomba ramani za mabomba waligundua hakuna ramani kamili, na kwamba ramani ilikuwa kichwani mwa Mulholland. Wakamwajiri pamoja na mabomba. Akawa mkuu wa idara ya maji ya mji.

Jambo moja la mwanzo alilofanya ni kusisitiza mita. Kabla ya hapo watu wengi walilipa kiasi kile kile hata wakiacha bomba wazi usiku kucha. Mita zilipofungwa, matumizi ya kila mtu yalishuka sana, na idara ikaanza kupata mapato ya kutosha kulipa deni. Wakazi waliona kwamba mkopo waliokubali unajilipa. Imani hiyo ndiyo aliyoitegemea baadaye alipokuja kuwaomba fedha nyingi zaidi.

Mto wa watu wengine

Mji ulikuwa unakua kwa kasi. Mwaka 1900 ulikuwa na watu zaidi ya 100,000, na mwaka 1910 ungekuwa na zaidi ya 300,000. Mulholland alihesabu kwamba mto wao mmoja hautatosha. Rafiki na bosi wake wa zamani, Fred Eaton, ambaye aliwahi kuwa meya wa mji, alikuwa na jibu. Mwaka 1904 wawili hao walipanda mkokoteni wa kuvutwa na nyumbu wakaenda safari ndefu kaskazini, hadi Bonde la Owens, upande wa mashariki wa milima ya Sierra Nevada.

Huko palikuwa na mto unaotokana na theluji ya milimani. Palikuwa na wakulima na wafugaji wenye mifereji yao ya umwagiliaji, na kabla yao palikuwa na wenyeji wa asili, watu wa kabila la Paiute, waliokuwa wakimwagilia bonde hilo tangu zamani. Mulholland aliona jambo lingine: bonde liko juu kuliko Los Angeles. Maji yangeweza kushuka yenyewe hadi mjini, bila pampu hata moja.

Serikali kuu ya Marekani wakati huo ilikuwa ikichunguza kama ijenge mradi wa umwagiliaji kwa ajili ya wakulima wa bonde hilo. Eaton alizunguka akinunua mashamba na haki za maji. Wakulima wengi waliouza walidhani ardhi yao inakwenda kwenye mradi huo wa serikali. Ofisa wa serikali aliyesimamia kanda hiyo, J. B. Lippincott, alikuwa pia akipokea malipo ya ushauri kutoka mji wa Los Angeles. Habari ilifichwa hadi mwisho wa Julai 1905, gazeti la Los Angeles Times lilipoitangaza. Kufikia siku hiyo sehemu kubwa ya ununuzi ilikuwa imekwisha kufanyika. Mradi wa wakulima ukafa.

Mjini, kura ya kwanza iliitishwa Septemba 1905. Wakazi waliombwa dola milioni 1.5 za kununua ardhi na kuanza upimaji. Walikuwa na wiki kama sita tu za kulifikiria jambo hilo.

Katika wiki hizo gazeti pinzani, Los Angeles Examiner, lilichapisha habari nzito. Kundi la matajiri lilikuwa limejipatia ardhi kavu katika Bonde la San Fernando, karibu na mji, mahali ambapo mfereji ungepita. Ndani ya kundi hilo walikuwemo Harrison Gray Otis, mwenye gazeti la Times lililokuwa likiusifu mradi kila siku, Henry Huntington, mwenye njia za treni za umeme, na Moses Sherman, ambaye alikuwa mjumbe wa bodi ya maji ya mji. Maji yakifika, ardhi yao ingepanda bei mara nyingi.

Tusiseme kwamba wakazi walidanganywa kuhusu kila kitu. Mji ulihitaji maji kweli. Lakini waliokuwa wakiwaambia waseme ndiyo, baadhi yao walikuwa na faida yao pembeni ambayo hawakuitaja. Kura ilipohesabiwa, walioafiki walikuwa zaidi ya kumi kwa kila mmoja aliyekataa.

Dola milioni 23

Upimaji ulionyesha kwamba kujenga mfereji wenyewe kungegharimu karibu dola milioni 23. Kwa mji wa ukubwa ule lilikuwa deni zito mno. Safari hii mji ulifanya jambo la busara kabla ya kura. Uliita wahandisi watatu wenye heshima kutoka nje, watu ambao hawakuwa waajiriwa wa Mulholland, wakaikague mipango yake. Wakatembelea njia yote, wakapitia hesabu, na kusema kwamba kazi inawezekana na makadirio yake yanakubalika.

Mulholland mwenyewe alizunguka mjini akieleza mradi kwenye mikutano ya wafanyabiashara na ya mitaani. Alisifika kwa kuongea lugha nyepesi na kutumia mifano ambayo mtu yeyote angeielewa. Juni 1907 wakazi walipiga kura tena, na tena wakakubali kwa takriban kumi kwa mmoja.

Hata hivyo tukumbuke nani alikuwa mpiga kura. Wanawake wa California walipata haki ya kupiga kura Oktoba 1911. Kwa hiyo mwaka 1905 na 1907 nusu ya watu wazima wa mji, wale ambao mara nyingi ndio walioteka maji, kupika na kufua, hawakuulizwa.

Ujenzi ulianza mwaka 1908. Mfereji, mabomba na mahandaki vilikuwa na urefu wa kilomita 375 hivi, vikipita jangwani na chini ya milima. Nyumbu walivuta mabomba ya chuma kupanda miteremko mikali. Maelfu ya vibarua walikaa kwenye kambi zenye joto kali, na vifo 43 viliripotiwa katika miaka ya ujenzi.

Mwaka 1910 kazi ilisimama kwa kiasi kikubwa, na sababu yake inafaa kujulikana. Wakazi walikuwa wamekubali deni la dola milioni 23, lakini kukubali deni si sawa na kuwa na fedha. Hatifungani ziliuzwa kwa awamu kwa mabenki ya New York. Mwaka ule wanunuzi walikataa kuchukua zaidi kwa muda. Fedha zilikauka, na maelfu ya wafanyakazi wakasimamishwa hadi mauzo yalipoanza tena.

Watu mjini walianza kuuliza maswali. Mgombea umeya wa mwaka 1911, Job Harriman wa chama cha Kisoshalisti, alidai mradi unawatajirisha wenye ardhi ya San Fernando. Alishindwa uchaguzi, lakini mji uliunda bodi ya kuuchunguza mfereji. Ripoti ya mwaka 1912 haikuthibitisha wizi wa fedha.

Tarehe 5 Novemba 1913 maji yalifika. Makumi ya maelfu ya watu walikusanyika kutazama yakiporomoka kwenye ngazi za saruji. Wengi walibeba vikombe ili waonje. Mulholland alitamka maneno machache tu ya kuwakabidhi wakazi maji yao. Mradi ulikamilika kwa gharama iliyokaribiana sana na ile aliyowaambia wapiga kura. Watu wakamtaka awe meya. Akakataa kwa mzaha.

Sehemu kubwa ya maji ya mwanzo ilikwenda kumwagilia Bonde la San Fernando, ambalo liliunganishwa na mji mwaka 1915. Waliokuwa na ardhi kule walitajirika, kama gazeti lilivyokuwa limeonya miaka kumi kabla.

Wale ambao hawakuwa na kura

Kwa wasikilizaji wetu wa vijijini, sehemu hii huenda ndiyo inayogusa zaidi. Watu wa Bonde la Owens walikuwa upande mmoja wa mfereji, na wapiga kura walikuwa upande wa pili. Uamuzi wa kuchukua maji yao ulikuwa halali kwa sheria na ulipata kura nyingi mno, lakini wao hawakuwa wakazi wa mji. Hakuna aliyewauliza kwenye karatasi ya kura.

Miaka ya kwanza maji yaliwatosha wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ukame ulikuja, na mji ulikuwa umevimba hadi watu zaidi ya nusu milioni. Mulholland akaanza kununua mashamba zaidi na kuchota maji ya chini ya ardhi. Mashamba yakakauka. Mei 1924 sehemu ya mfereji ililipuliwa kwa baruti. Novemba mwaka huo huo wanaume kadhaa wa bondeni waliteka mageti ya kufungulia maji kwa siku nne, wakayaachia maji yarudi kwenye mto wao. Familia zao zilikuja na chakula, wakakaa hapo kama kwenye sherehe. Milipuko iliendelea hadi mwaka 1927. Mwaka huo benki ya ndugu wawili waliokuwa viongozi wa upinzani ilifilisika, wenyewe wakafungwa kwa kutumia vibaya fedha za wateja, na upinzani ukavunjika.

Ziwa Owens, lililotegemea mto huo, lilikauka. Vumbi lake likawa tatizo la afya kwa miongo mingi. Katika miaka ya karibuni Los Angeles imelazimika kutumia zaidi ya dola bilioni 2 kulidhibiti. Gharama hiyo haikuwemo kwenye hesabu ya mwaka 1907, na wanaoilipa ni wajukuu na vitukuu vya wale waliopiga kura.

Bwawa lililojengwa kwa neno la mtu mmoja

Ili mji uwe na akiba ya maji karibu, Mulholland alijenga mabwawa. Moja liliitwa St. Francis, katika korongo la San Francisquito, kaskazini mwa mji. Lilijengwa kuanzia mwaka 1924 hadi 1926. Wakati wa ujenzi aliongeza urefu wake mara mbili ili lihifadhi maji mengi zaidi, bila kupanua msingi kwa kiwango kinacholingana.

Hapa palikuwa na tofauti kubwa na mwaka 1907. Hakuna wahandisi wa nje walioitwa kukagua. Sheria ya jimbo wakati ule iliruhusu miji yenye wahandisi wake kujenga mabwawa bila ukaguzi wa jimbo. Wakazi nao walikuwa na imani. Mzee aliyeleta maji kutoka umbali wa kilomita 375 angekosea nini kwenye bwawa moja?

Asubuhi ya tarehe 12 Machi 1928 mlinzi wa bwawa aliona maji machafu yakivuja, akapiga simu. Mulholland alikuja na msaidizi wake, akatazama, akasema si hatari, akarudi mjini. Usiku huo, dakika chache kabla ya saa sita, bwawa lilipasuka. Maji yalishuka bondeni kilomita karibu 87 hadi baharini, yakipita kwenye kambi, mashamba na nyumba za watu waliolala. Waliokufa walikuwa zaidi ya 400. Wengi walikuwa wafanyakazi wa mashambani na familia zao, na miili mingine haikupatikana kamwe. Mlinzi aliyetoa taarifa alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Katika uchunguzi wa kifo, Mulholland hakumsukumia mtu mwingine lawama. Alisema kama kuna kosa la binadamu, yeye ndiye binadamu huyo. Baraza la uchunguzi halikupendekeza ashtakiwe. Lakini lilitoa uamuzi ambao mpaka leo unafundishwa: ujenzi wa bwawa kubwa usiachwe kamwe kwa uamuzi wa mtu mmoja, hata awe hodari namna gani.

Mwaka 1929 California ilipitisha sheria ya kukagua usalama wa mabwawa, yakiwemo ya miji. Mulholland alistaafu mwishoni mwa mwaka 1928. Aliishi kimya nyumbani kwake hadi alipofariki tarehe 22 Julai 1935.

Wapiga kura waliendelea kuulizwa. Mwaka 1930 wakazi wa Los Angeles walikubali hatifungani za dola milioni 38.8 za kurefusha mfereji kuelekea kaskazini. Mwaka 1931, katikati ya ugumu wa maisha wa dunia nzima, wakazi wa miji kadhaa ya kusini mwa California walikubali dola milioni 220 za kuleta maji ya Mto Colorado.

Na sisi je?

Kwetu sheria ni tofauti. Hatupigi kura moja moja kwa kila mkopo, lakini milango ipo. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Kaunti haiwezi kukopa bila idhini ya bunge la kaunti na dhamana ya serikali ya kitaifa. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili, na kabla ya kupitishwa wananchi wana haki ya kusikilizwa. Nchini Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji ndiyo nafasi ya kusomewa mapato na matumizi na kuhoji.

Hatifungani nazo zimeshafika. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani za kuboresha huduma ya maji, za miaka 10, ikilenga shilingi bilioni 53.12. Mwananchi wa kawaida aliweza kununua kipande chake. Miradi ya namna hii inaweza kuongezeka, na itahitaji watu wanaojua cha kuuliza.

Kutokana na maisha ya Mulholland, tunapendekeza maswali haya uende nayo kwenye mkutano:

Deni hili ni kiasi gani pamoja na riba, na litakwisha mwaka gani?

Litalipwa kutoka wapi: bili, kodi au ruzuku ya serikali?

Nani ana ardhi mahali mradi utakapopita, na je, yumo kwenye kamati inayoamua?

Nani mwingine amekagua mpango, asiyelipwa na mwenye mradi?

Watu wa upande wa pili wa mto, ambao hawamo katika eneo letu, wamesikilizwa?

Baada ya mradi kupitishwa, tutasomewa hesabu lini, na nani atakagua kazi inapoendelea?

Swali la mwisho ndilo wakazi wa Los Angeles walichelewa kuliuliza. Mwaka 1907 walikuwa na wakaguzi watatu na kura mkononi. Bwawa la St. Francis lilipojengwa walikuwa na jina la mtu waliyemwamini, basi. Kwa hiyo tangazo la mkutano wa bajeti likibandikwa kwenye ofisi ya kata au ya kijiji, piga picha kwa simu yako, mtumie jirani, na siku ikifika nendeni pamoja.